Taa za Pikapu ya Samaki

Juzi fundi alikuja kusugua kutu kwenye geti langu. Alipoanza kupitisha msasa, upepo ukaniletea lile vumbi jekundu puani, nikaacha kikombe cha chai mezani nikatoka kusimama karibu naye. Nadhani alifikiri namsimamia asije akalala kazini. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimesimama pale nikinusa utoto wangu? Kutu inayosuguliwa, kwangu mimi, ni boneti iliyofunguliwa, Baba amezama ndani kichwa na mabega, mdogo wangu Kioko ameshika bisibisi kama askofu aliyeshika fimbo yake, na Mama kasimama kando, mikono kiunoni, akisema, "Kwanza taa."

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile watalii walipopotea Diani. Hoteli zilizokuwa zikijaa mpaka wageni wanagombania viti vya ufukweni zikabaki na kunguru na walinzi. Baba alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja huko, na wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Aliondoka na pikapu, ndiyo malipo aliyopewa. Ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, ambayo hoteli ilikuwa ikiituma Vanga na Bodo kufuata samaki na kamba, na sasa hapakuwa na mgeni wa kula samaki wala kamba. Sisi ni Wakamba wa Makueni, na majirani zetu Wadigo hawakuliacha hilo lipite hivi hivi. "Gari la kamba limepata Wakamba," walisema, na hata Baba, ambaye hakuwa na mengi ya kumchekesha wakati ule, alicheka.

Harufu ya samaki haikutoka kamwe katika gari lile. Paka wa kijiji kizima walihamia kwetu, wakawa wanalala chini yake kwa zamu. Jirani yetu Bi. Mwanakombo alilihurumia, akaja na chetezo akalifukiza ubani milango ikiwa imefungwa. Tulipoifungua, gari likawa linanuka kama samaki aliyetoka maulidini. Mama alimshukuru sana, akangoja mpaka jirani ameondoka ndipo akapiga chafya.

Tulikaa skimuni, kwenye mashamba yaliyogawiwa na serikali, upande wa juu wa barabara ya Lunga Lunga, pale ambapo ukitoka Ukunda kwenda Msambweni unaanza kuona mihogo na mikorosho mingi kuliko nyumba. Baba alipata kipande kile cha ardhi kabla sijazaliwa. Umeme haukuwa umefika, kwa hiyo fundi wa umeme wa hoteli kubwa alikuwa akirudi nyumbani jioni kuwasha kandili. Nyumba iliyokuwa karibu nasi, ng'ambo ya shamba letu la mihogo, ilikuwa hiyo ya Bi. Mwanakombo na mumewe Mzee Bakari. Binti yao Mishi na mimi, Mwende, tulikuwa chanda na pete. Tulikuwa na jiko letu la mchezo chini ya mkorosho, na vyombo vyetu vilikuwa vifuu vya nazi, kila kimoja na kazi yake, na ole wako utie mchuzi katika kifuu cha chai.

Baba aliamua turudi bara. Hakututangazia, lakini nyumba yetu ilikuwa na kuta za udongo na mabati juu, na siri katika nyumba ya namna hiyo ni ya wote. Nilimsikia akimwambia Mama, "Mwanamume asiye na kazi, tena ugenini, ni mzigo kwa kila mtu. Kwetu kuna shamba la mzee. Kuna ndugu." Nilibana pumzi kumsubiri Mama abishe. Mama hakubisha. Alisema tu, "Kwanza taa."

Maneno hayo yalikuwa na maana, nami niliielewa vizuri. Injini ya pikapu ile ilikuwa haivumilii jua. Ukiiendesha mbali mchana ilichemka, na kati yetu na Makueni kuna nyika yote ile ya Taru, joto ambalo hata mbuzi hulikimbia. Safari ingewezekana usiku tu, wakati wa baridi. Na usiku, zile taa za mbele zilikuwa aibu. Ziliwaka manjano, kama kandili iliyobakiwa na tone la mafuta. Baba mwenyewe alisema taa zile humwonyesha dereva mti baada ya kuugonga. Bila taa hapakuwa na safari ya usiku, na bila safari ya usiku hapakuwa na kurudi bara.

Basi nikawa nimeelewa kwamba kilichosimama kati yangu na kuondoka ni taa mbili mbovu. Nikaanza kuzipenda. Nilikuwa nikipita mbele ya pikapu asubuhi kwenda shule, navigusa vioo vyake kwa kiganja, navyo vilikuwa baridi na umande. Jioni tuliposali kabla ya kulala, Kioko aliomba kwa sauti taa za Baba zipone. Mimi niliomba kimoyomoyo ziendelee kuugua. Sijui Mungu aliupangaje mkutano wa maombi yetu.

Mama ndiye aliyenitia hofu kuliko Baba. Katika watu wote niliowajua, hakuna aliyeilalamikia pwani kama yeye. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo aliiita mchuzi. Joto lilimwotesha vipele shingoni. Hewa ya bahari ilizila sufuria zake, ilikula misumari ya mabati, ilikula hata ndoano za sidiria, na hilo la mwisho alilisema kwa sauti iliyowafikia wapita njia. Salamu za watu wa huku zilimchosha. "Mtu anakuuliza habari za asubuhi, za watoto, za kuku, za tangu jana," alisema, "na huku maharagwe yanaungua." Kila alipofungua kinywa kuilaumu pwani, mimi nilihesabu kwamba amesogea hatua nyingine kuelekea Makueni. Na alivyomhimiza Baba kuhusu taa! Asubuhi, kabla hajamwambia habari za kuamka, "Taa zimefika wapi?" Nilimwona mtu mwenye haraka ya kwenda kwao.

Lakini nisiseme uongo. Zile zilikuwa siku nzuri. Baba alikuwa ameshinda wiki nyingi akikaa kibarazani akitazama mikono yake, na gari lile lilimrudishia kazi. Alitandika gunia chini, akapanga vifaa vyake juu yake kwa ukubwa, spana kubwa mpaka ndogo, akaanza kuimba zile nyimbo za kanisani ambazo alijua ubeti wa kwanza tu. Hakuwa mtu wa kubahatisha. "Umeme hauna uchawi," alituambia. "Ukiukosa hapa, basi kuna mahali umekwama. Kazi ya fundi ni kuufuata mpaka auone."

Alianza na globu. Alizitoa, akazitazama kwenye jua, akatia nyingine. Zikawaka manjano vilevile. Akahamia kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe wenye kijani, kama ukungu wa mkate. Baba akaingia jikoni akachukua magadi ya Mama, yale ya kulainishia maharagwe, akayachanganya na maji ya moto akamwagia. Lilitoka povu lenye mlio, Kioko akapiga makofi. Kisha betri ikahitaji kuongezwa maji, na maji ya kisima yangeiua kwa chumvi yake, kwa hiyo Baba akafunua pipa la maji ya mvua ambayo Mama alikuwa akiyatunza kwa chai ya Jumapili.

"Betri inakunywa maji matamu," Mama alisema akiwa mlangoni, "na mimi niliyekuzalia watoto nakunywa ya kisimani."

"Betri hainipigii kelele," Baba alimjibu.

Mama alimrushia kitambaa cha vyombo. Alikuwa anacheka, nami nilicheka, kisha nikakumbuka kinachotengenezwa ni nini, nikaacha.

Baada ya betri, gari liliwaka kwa mguso mmoja, lakini taa zilibaki zilezile. Baba akazing'oa nzima nzima. Ndani ya moja mlikuwa na maji, yaani maji kabisa, ukiitikisa unayasikia. Alizianika juu ya paa la jiko, midomo chini, zikakaa kutwa nzima kama bakuli za watu waliokwisha kula, na Mama akasugua vioo kwa majivu na limau mpaka vikalia chini ya kidole. Ziliporudishwa, mwanga uliongezeka kidogo. Mti ungeuona sasa kabla hujaugonga, lakini ukiwa umekwisha kuukaribia sana. Baba akakanyaga mafuta injini ikanguruma, akatazama kama taa zitapanda nayo. Zilipanda unyoya tu. "Si betri, si globu, si chaji," akasema, akakuna kichwa kwa spana. Nilikwenda chini ya mkorosho kumwambia Mishi kwamba Baba ameshindwa, nasi tukapika karamu ya mchanga.

Aliyeniharibia mambo ni Kioko. Jioni moja Baba alituweka sote wawili mbele ya pikapu, akaketi kwenye usukani, akawa anajaribu taa moja moja huku tukimwitikia.

"Ndogo!"

"Zinawaka!"

"Kubwa!"

"Zinawaka!"

"Indiketa ya kushoto!"

"Inakonyeza!" nilisema mimi.

"Na kubwa nayo inakonyeza, Baba!" Kioko akapaza sauti. "Zinakonyezana!"

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Kila indiketa ilipowaka, taa kubwa ya upande ule ilififia, na indiketa ilipozimika, taa kubwa ikapata nguvu. Nilitamani kumfinya mdogo wangu, lakini Baba alikuwa amekwisha kuruka chini. Alisimama mbele ya taa ile akaitazama inavyohema, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi la haja.

"Ethi!" alisema. "Mwaka mzima natafuta mwizi chumbani, kumbe amekaa mlangoni."

Alimwita Mama akamweleza, nasi tukasikiliza. Umeme, alisema, hauendi tu. Ukitoka kwenye betri ukafika kwenye taa, ni lazima urudi, na katika gari hurudia kwenye bodi lenyewe, kwenye chuma, pale ambapo waya umefungwa kwa bolti. Hiyo ndiyo mafundi wanaiita ethi. Pikapu ile ilikuwa imekwenda Vanga miaka nenda miaka rudi, katika barabara ile ambayo bahari ikijaa huifunika, na maji ya chumvi yalikuwa yakiirukia puani. Chini ya zile bolti palikuwa pameliwa na kutu. "Njia ya kwenda ni nzima," Baba alisema. "Ya kurudi ndiyo imeoza." Basi taa na indiketa zilikuwa zikigombania kinjia kimoja chembamba, na hakuna iliyoshiba. Ili kuthibitisha, alichukua kipande cha waya, akakishikiza upande mmoja kwenye kichwa cha betri na upande wa pili nyuma ya taa. Taa ikawaka nyeupe kiasi kwamba Mama alijikinga uso. Alipouondoa waya, ikarudi manjano.

"Kwa hiyo?" Mama aliuliza.

"Kwa hiyo kesho," Baba alisema.

Kioko hakungoja hiyo kesho. Asubuhi, kabla ya uji, alikuwa amekwisha kufika kisimani, dukani na kwenye uwanja wa madrasa, akimwambia kila mtu kwamba leo taa za Baba zinapona na taa zikipona tunakwenda bara. Mimi nilikwenda kwa Mishi. Tulikaa chini ya mkorosho tukagawana vifuu vyetu. Mishi alinipa kile kikubwa cha wali, ambacho tangu zamani kilikuwa chake na nilikuwa nikikililia, na mimi nikamwachia vyote vya chai. Nikarudi nyumbani na kifuu changu, nikakitia ndani ya begi la shule, juu ya vitabu, kwa sababu sikujua mizigo ingefungwa saa ngapi.

Baba alisugua kutwa. Alifungua bolti iliyo chini ya betri, akafungua zilizo nyuma ya kila taa, na kutu ilitoka vipande vipande kama magome. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana cheupe, akakwangua ncha za nyaya kwa kisu, akafunga tena kwa nguvu zote, kisha akapaka grisi juu ili chumvi isirudi. Hewa yote ya ua wetu ikawa na harufu ile niliyoisikia juzi getini. Mama alikuwa akipita na kurudi. Sikumwona akikunja nguo wala kutoa masanduku chini ya kitanda, lakini nilijiambia kwamba Mama si mtu wa kufanya jambo mapema.

Magharibi ilipokwisha kuadhiniwa na giza kushuka, Baba aliligeuza gari likaangalia njia. Tukasimama kando. Akawasha.

Sijapata kuona mwanga wa namna ile tena, na sasa nakaa mjini, kwenye umeme wa kutosha. Njia yote ikawa nyeupe. Mihogo ilionekana jani kwa jani. Mwanga ulivuka shamba ukapanda ukutani kwa kina Mishi, nikamwona Mishi mwenyewe amesimama mlangoni, mkono juu ya macho, kivuli chake kirefu kuliko mlango. Kioko alikimbia kwenda na kurudi ndani ya mwanga akipiga kelele. Baba alishuka, akasimama na mikono yake myeusi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa jina lake. Nami nikalia. Nililia kwa sauti, bila haya. Mama alinivuta akanibana kwenye kanga yake, labda alidhani ni moshi wa gari.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo tulipoona watu wakija kwenye njia, ndani ya mwanga. Mbele alikuwa Bi. Mwanakombo, kikapu kichwani na kuku mkononi, miguu imefungwa kwa ukambaa. Nyuma yake Mzee Bakari na nazi zilizofungwa mbili mbili, nyuma yake Mishi na bakuli lililofunikwa kwa kawa, na nyuma ya Mishi majirani wengine, kila mmoja na chake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeelewa.

"Masalkheri, Mama Mwende. Masalkheri, Fundi."

"Akheri. Za huko?"

"Njema, alhamdulillahi. Hatukuja kukaa, twajua mna haraka. Tumeona taa, nikamwambia baba Mishi, basi wenzetu ndio hao waondoka. Tukasema tuje tuwasindikize." Alitua kikapu. "Haya ni mahamri, yatakaa mpaka kesho. Korosho za watoto njiani. Na kuku huyu mtamfikisha kwa bibi yao, mwambieni ni salamu zetu. Msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani."

"Mwenyezi Mungu awafikishe salama," alisema Mzee Bakari, na wengine wakaitikia amina.

Mama alimtazama kuku. Akatazama nazi. Akawatazama wote wale waliosimama kwenye mwanga wa taa zetu kama watu waliopangwa kupigwa picha.

"Nani anasafiri?" aliuliza.

Baba akakohoa. "Mama Mwende, si tulikubaliana? Taa zikipona..."

"Wewe ndiye uliyesema turudi. Mimi nilisema kwanza taa. Sikusema tufunge mizigo."

"Sasa taa ulizitakia nini?"

"Za kwenda soko la Kongowea," Mama alisema. "Malori ya viazi na kabichi kutoka bara yanashusha pale kabla ya alfajiri. Anayefika mapema ndiye anayechagua, anayefika jua limetoka anapewa vilivyopondeka. Mimi nataka tuvuke feri ya kwanza na pikapu hii, na watu wa Ukunda wakiamka wanikute nimepanga viazi. Kuna umbali gani kutoka hapa mpaka Kongowea wa kuchemsha injini yako?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenijibu gari halina taa." Alionyesha njia iliyokuwa nyeupe mbele yetu. "Haya, nijibu sasa."

Wanawake walianza kucheka chini chini. Baba bado alikuwa ameshikilia kitambaa chake cha grisi. "Lakini wewe huku hupapendi," alisema, polepole, kama mtu anayepima waya. "Maji yana chumvi. Joto. Sufuria. Tangu nikuoe nasikia hayo. Nilidhani nakurudisha kwenu ukapumzike."

Mimi niliyekuwa nimebanwa kwenye kanga ya Mama nilisikia pumzi yake ikiingia.

"Umewahi kuniona nikilalamika kwa watu?" alimwuliza. "Nikienda kwa Mwanakombo napewa maji ya kisima kilekile, nakunywa, nasema ahsante. Mgeni hushukuru anachopewa. Mimi nalalamika kwangu."

"Wallahi kweli!" alisema Bi. Mwanakombo. "Na tumekusikia, mwanangu. Miaka yote hii mpaka na sisi tuliozaliwa hapa tumeanza kuona maji yana chumvi!"

Vicheko vilipasuka. Baba aliketi kwenye bampa, katikati ya taa zake mbili, akajifuta uso kwa kile kitambaa, na alipokiondoa alikuwa na mstari mweusi kutoka jicho mpaka kidevu. Sikujua kama alikuwa akicheka au akilia. Nimekuwa mtu mzima, nimeona wanaume wakipoteza kazi na kuambiwa na watu wao kwamba pale walipo ndipo kwao, na sasa najua.

Bi. Mwanakombo alimwinua kuku. "Basi huyu?"

"Mrudishe nyumbani," Mama alisema. "Haendi popote."

"Haifai. Kilichotoka mlangoni kwangu kwa nia hakirudi. Mzee Bakari, omba kisu."

Mzee Bakari alielekea kibla akachinja, kama alivyokuwa akituchinjia hata kuku wa Krismasi, ili siku hiyo nao waweze kukaa mkekani kwetu wakala. Baba alizima taa kulinda betri, kandili zikawashwa. Mama alipika wali, akafunua pipa la maji ya mvua akachemsha chai ya wote, na hakuna aliyemkumbusha kwamba haikuwa Jumapili. Mahamri ya safari yaliisha kabla kuku hajaiva. Mishi na mimi tulikula sahani moja. Nilimwambia kifuu chake nitamrudishia, akasema nikae nacho kwa kuwa sasa kiko palepale.

Biashara ile ya viazi ilikuja kuwa na siku zake za neema na siku zake za viazi vilivyooza, kama biashara zote. Baba hakupata tena kazi ya hoteli, na sidhani kama aliitafuta sana. Asubuhi nyingi niliamka nikasikia pikapu ikirudi, na Mama yu ndani yake akilalamikia foleni ya feri.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, sala ya isha ilipokwisha kupita na vyombo kuoshwa, majirani walisimama kuaga. Bi. Mwanakombo alitafuta kandili yake, na Baba akasema hapana, haiwezekani watu waje kutusindikiza kisha warudi gizani. Akawasha gari. Wazee wakaingia mbele na Mama, wakabanana, sisi watoto na wengine wote tukapanda nyuma, katika ile harufu ya samaki na ubani, na Baba akawasha taa zote mbili, fulu, kwa mwendo wa njia ile iliyovuka shamba la mihogo. Waliokuja kutusindikiza tukawasindikiza sisi. Baba aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai, Mishi alinishika mkono, na mbele yetu kila kitu kilionekana. Ilikuwa safari fupi mno. Tulifika kabla sijatosheka.